Filamu Iliyomtoa Dada Kwake

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha nimekaa kwenye ngazi za chuo, natafuna kucha. Kwa aliyeingia leo nitafupisha, maana ya leo ni mazito na nafasi ni finyu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo cha filamu. Ili nihitimu, lazima nitengeneze filamu yangu mwenyewe. Nilichagua ile aina ya giza: picha nyeusi na nyeupe, mpelelezi mwenye koti refu, mwanamke mrembo mwenye siri, taa moja na vivuli kila kona. Ina jina lake la Kifaransa, ambalo Jicho, mpiga kamera wangu, hulitamka kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mke wa tajiri anamwendea mpelelezi huku analia: mume wangu amepotea. Mpelelezi anatafuta, anapenda, anagundua. Mume hakupotea. Mke ndiye aliyemuua.

Mwigizaji wangu wa kwanza alinikimbia tukiwa bado kwenye maandalizi. Alipata kazi ya tangazo la sabuni. Akaenda zake, na gauni akaenda nalo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka dada yangu. Laiti ningemsahau.

Dada ndiye kifungua mimba wa mama. Ana shingo ndefu, na macho ambayo yakikutulia unaanza kukumbuka dhambi zako. Nilikuwa naishi kwake. Mumewe, shemeji yangu, ndiye aliyenichukua baba alipofariki, akanisomesha bila kunihesabia hata siku moja. Ana duka la vifaa vya ujenzi. Ni mtu wa watu, na sauti yake huingia nyumbani kabla yeye hajavua viatu.

Nilimwendea mezani, wakati wa chakula.

"Shemeji, naomba uniazime dada."

Akacheka. "Mlinipa wenyewe, leo mnamtaka kwa mkopo?"

"Wa kuigiza tu. Filamu ya shule."

Akamtazama Dada, aliyekuwa anapakua. Hakumuuliza kitu. Alinijibu mimi.

"Masharti mawili. Mwanaume asimguse. Na picha zisitoke nje ya darasa lenu."

"Naapa, shemeji."

"Basi mchukueni. Na mkitaka mahali pa kupigia hizo picha, ghala langu lipo."

Dada akaweka sahani mbele yake. "Na mimi pia nimekubali," alisema.

Tukacheka sote. Nilidhani ni utani.

Ghala lile lilikuwa bahati ya mtende. Mabati yamesimama ukutani, nondo zimelala chini, mifuko ya saruji imepangwa hadi karibu na dari. Vumbi la saruji likipigwa na taa linageuka moshi mtamu machoni. Tulipiga picha mchana. Tuliziba madirisha kwa mablanketi, tukajitengenezea usiku wetu. Jicho alikata katoni nyufa ndefu ndefu, akaisimamisha mbele ya taa, na uso wa Dada ukachorwa milia ya kivuli kama wa mfungwa.

"Mwongozaji," Jicho aliniambia sikioni, "huyu dada yako mlimficha wapi?"

"Jikoni," nikamjibu.

Mpelelezi wetu alikuwa kijana wa idara ya maigizo. Tulimwita Koti, kwa sababu alilivaa tangu asubuhi na hakulivua hata wakati wa kula, jasho linamtoka kama amemwagiwa ndoo. "Mpelelezi hahisi joto," alikuwa anasema. Alikuwa na ndoto kubwa na kipaji cha kadiri.

Mikosi ilianza mapema. Jicho alitaka sakafu ing'ae, kama kichochoro baada ya mvua. Tukamwaga maji. Yaling'aa kweli. Kumbe yalipita chini ya mbao, yakainywesha mifuko ya saruji safu nzima ya chini. Asubuhi yake shemeji alipiga mfuko mmoja teke, akaruka na mguu mmoja.

"Shemeji," aliniambia, ameshika kidole, "saruji yangu mmeipika ikawa mawe."

Nilipiga magoti. Akaninyanyua. "Inuka, bwana. Maliza shule." Akatuletea soda.

Huyo ndiye mtu ninayewasimulia. Msije mkaniambia baadaye kwamba sikuwaambia.

Kulikuwa na tukio ambapo mpelelezi anamvisha yule mwanamke koti lake. Jicho akasema koti si mwanaume, sharti halijavunjwa. Nami nikajidanganya kwa furaha. Koti akamvisha. Dada akafumba macho, akaegemeza kichwa kifuani kwa yule kijana, pumzi moja tu, kisha akasimama wima.

Haikuandikwa mahali. Nilipaswa kusema turudie. Ilikuwa nzuri mno. Nikaiacha.

Halafu ikaja siku ya mwisho, ungamo la muuaji. Mpelelezi anauliza, "Kwa nini ulimuua?" Na mwanamke anajibu maneno niliyoyaandika mimi kwa fahari kubwa: "Kwa sababu ya mali."

Dada aliyasema kama anaagiza chumvi. Tukarudia. Akaagiza tena chumvi.

"Dada, huyu mwanamke ameua. Hebu mwamini kidogo."

"Simwamini," alisema. "Mtu haui kwa ajili ya nyumba ambayo tayari analala ndani yake."

"Anaua kwa sababu gani basi?"

Akasugua kidole chenye pete.

"Washeni hiyo kamera. Mwambie aniulize tena."

Koti akauliza. Dada hakumtazama. Alizungumza na mifuko ya saruji.

"Hakuwahi kunipiga," alisema. "Kaandike hivyo, hakunipiga. Alinilisha, alinivisha, alimsomesha ndugu yangu. Akiingia ananiuliza chakula. Akitoka ananiuliza viatu. Wageni wakija anawaambia, mke wangu mtulivu. Mimi si mtulivu. Sijaulizwa tu. Siku mtoto wetu alipofia tumboni alirudi kazini mchana uleule. Akaniambia pole, Mungu atatupa mwingine. Kweli, Mungu akatupa. Lakini yule wa kwanza hakumtaja tena, na mimi nikamtaja nani? Ningekufa mimi, angemkosa mpishi. Nikasema basi, na yeye akose kitu."

Hakuna aliyesema kata. Mwenye kazi ya kusema ni mimi. Koti alisahau maneno yake. Jicho alikuwa ameng'ata mkanda wa kamera.

Dada akajifuta uso kwa upindo wa gauni. "Imetoka?"

"Imetoka."

"Nani ana saa? Watoto wanakaribia kutoka shule."

Nilimfuata hadi nje, juani. "Dada, yale uliyosema..."

"Maigizo, mdogo wangu," alisema huku anavua hereni za kuazima. "Si umesema nimwamini?"

Nikafurahi. Kwa nini nisifurahi? Nilikuwa na filamu.

Chumba cha kuhariri pale chuoni hakina dirisha. Kina kompyuta tatu, feni inayosaga kama kinu, na kochi lenye shimo katikati. Mimi na Jicho tulihamia humo. Tulikata, tukaunga, tukaondoa sauti ya lori lililopita nje ya ghala, tukagombana juu ya kivuli, tukapatana juu ya mkate.

Tulipomaliza kuiunga filamu nzima kwa mara ya kwanza, mwalimu akaja kuitazama. Mwalimu wetu ni mama mmoja mwembamba ambaye kumsikia akisifu ni kama kuokota jino la kuku. Alitazama, amekunja mikono. Dada alipofika kwenye ungamo, mikono ikakunjuka.

"Haya mengine yote ni watoto wanaochezea taa," alisema. "Hapa ndipo filamu ilipo."

"Asante, mwalimu."

"Usinishukuru. Aliyeyaandika maneno haya ni wewe?"

"Ni mwigizaji, mwalimu. Aliyatoa papo hapo."

Akanitazama muda. "Basi yalinde. Ukiyatoa, umebaki na koti na vumbi. Kwa koti na vumbi mimi simpitishi mtu."

Nilitoka pale natembea juu ya hewa. Ukiona vyaelea, wanasema, vimeundwa. Changu kilielea siku moja, kikazama.

Koti ndiye aliyekizamisha. Alimwomba Jicho kipande kidogo cha kujitazama, eti ajifunze makosa yake. Jicho, mwenye huruma za kijinga, akampa. Koti akakibandikia wimbo wa mapenzi, akakitupia mtandaoni na maneno haya: "Kazi mpya inakuja, kaeni tayari." Kilikuwa kipande gani? Kile cha koti begani. Dada amefumba macho, kichwa kifuani kwa mwanaume.

Alitaka kujulikana. Alijulikana.

Mchana wake, wateja walikuwa wanaingia dukani kwa shemeji kununua misumari, simu mkononi.

"Tajiri, hivi huyu si mama watoto?"

Niliporudi nyumbani nilikuta begi la Dada barazani. Limefungwa vizuri, kama la msafiri. Dada amekaa pembeni yake, mikono mapajani.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini. Mtu ambaye sauti yake husikika mtaa wa pili, siku hiyo ilinibidi nimsogelee ili nimsikie.

"Nilikupa masharti mangapi?"

"Shemeji, lile ni koti tu..."

"Mangapi?"

"Mawili."

"Umenibakishia lipi?"

Nikatazama begi la Dada.

Dada aliinuka, akataka kuingia ndani kwa watoto. Shemeji hakumsukuma. Alibaki tu palepale mlangoni, amejaa mlango mzima.

"Watoto wana shule kesho," alisema. "Wewe nenda kwenu kapumzike."

Kwa ndani, yule mdogo alikuwa anaita mama, mama, njoo uone jino langu linatikisika. Dada akafungua mdomo amwitikie. Akaufunga. Akachukua begi.

Kwa mama tulipokewa kama tulivyostahili. Dada alipewa kiti. Mimi nilipewa maneno.

"Nilizaa wawili," mama alisema. "Mmoja akatulia. Mwingine ni wewe. Mtu amekutoa matopeni, amekusomesha, ukamlipa hivi? Kweli fadhila za punda ni mateke."

"Mama, ilikuwa kazi ya shule."

"Shule gani inafundisha kubomoa nyumba za watu?"

Asubuhi Dada aliamka, akafua. Nguo zilipoisha akafua mapazia. Mapazia yalipoisha akayafua tena. Nilikaa karibu naye nikisubiri anitukane. Ningeshukuru. Alinipa tu ncha moja ya shuka, tukakamua pamoja, yeye huku na mimi kule.

Mjomba wetu, kaka yake mama, ndiye aliyebeba msalaba wa kwenda kuzungumza na shemeji. Alirudi anafuta kijasho, lakini anatabasamu.

"Mtu mwelewa yule," alisema. "Anasema amechoka na maneno ya watu. Anataka aione filamu nzima, mwanzo hadi mwisho, kwa macho yake. Akiona ni maigizo matupu, anakuja kumchukua mkewe, na habari imeishia hapo. Jumamosi tumwonyeshe hapa nyumbani."

Mama akainua mikono. "Mungu mkubwa!"

Filamu nzima. Mwanzo hadi mwisho.

Nilimvuta mama chumbani, nikamweleza Dada alichokisema mle ghalani. Nilimweleza yote, hadi mtoto aliyefia tumboni. Mama alisikiliza, akakaa kitandani taratibu. Kwa kitambo kidogo nilidhani atalia. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Yakate."

"Mama, mwalimu amesema nikiyatoa nimefeli."

"Mwalimu wako atawalea watoto wa dada yako?"

"Lakini mama, aliyoyasema..."

"Kila mwanamke anayo ya kusema!" alinikatiza. Sauti ilimpasuka. "Mimi sina? Nilikuwa na baba yenu miaka yote, unadhani mimi sina? Yakate."

Tulipotoka, mama alimwendea Dada kwenye beseni.

"Mwanangu, niambie ukweli. Unataka kurudi kwako au hutaki?"

"Nawataka wanangu."

"Sijakuuliza wanao."

"Nami nimekujibu, mama."

Nikarudi chuoni. Jicho alikuwa hajalala sawasawa tangu kile kipande kisambae. Alikuwa ameshamwendea Koti na kumrukia, akaambulia jicho lililovimba, jina likamkaa vizuri zaidi. Nilimwambia tunakata ungamo.

"Tuweke nini mahali pake?"

"Ile ya mwanzo. Kwa sababu ya mali."

"Ile ya chumvi?"

"Ile ile."

Hakubishana. Kukata ni kazi nyepesi, kwa wasiojua. Unaweka alama hapa, unaweka alama pale, unabonyeza. Mwanamke aliyeongea na mifuko ya saruji akatoweka, akabaki mwanamke anayeagiza chumvi. Tukaitazama yote. Mpelelezi anauliza, mwanamke anajibu, muziki unapanda, jina langu linatokea.

"Imekufa," Jicho alisema.

"Bora ife filamu."

"Na wewe je? Ukirudia mwaka, nani anakusomesha?"

Hilo nilikuwa nimeliwaza njiani, nikalipita kama mtu anavyopita mbwa aliyelala. Nikimtoa Dada maneno yake, nimefeli. Nikiyaacha, sina shemeji, sina ada. Kote nimefeli. Tofauti ni watoto wawili tu na mama yao.

"Jumamosi tunampelekea hii," nilisema. "Ile nyingine ifute kabisa."

Jicho akashika kipanya, kisha akakiachia. "Niisikilize mara moja. Ya kuagana nayo."

Sikumzuia. Akaifungua filamu halisi, akaipeleka moja kwa moja kwenye ungamo, akaongeza sauti ili ishinde feni. Hakuwahi kunipiga. Kaandike hivyo, hakunipiga.

Mle ndani mlikuwa na kelele za feni na sauti ya Dada. Ndiyo maana hatukusikia mlango.

Ningekufa mimi, angemkosa mpishi, sijui ni neno lipi lilikuwa linapita nilipohisi mtu nyuma yangu. Nikageuka.

Shemeji. Kofia mkononi, vumbi la dukani kwenye kola.

"Nimeshindwa kungoja Jumamosi," alisema. "Mlinzi kanielekeza."

Jicho aliruka kuizima.

"Acha," shemeji alisema. "Rudisha nyuma."

Jicho akanitazama. Nikamtazama Jicho. Akarudisha.

Shemeji alikaa kwenye lile kochi lenye shimo, akazama, magoti yakamfika kifuani. Hakuna aliyecheka. Alisikiliza yote. Dada alipomtaja mtoto, alishika kofia kwa mikono miwili, akaizungusha kama usukani.

"Tena."

Jicho akarudisha tena.

Ilipokwisha, feni ikabaki inasaga peke yake. Shemeji hakunigeukia. Aliuliza akitazama uso wa Dada uliosimama kwenye kioo cha kompyuta.

"Maneno haya ameandika nani?"

Ndugu msomaji, nilikuwa na jibu moja la kweli, na nilishalitoa pale pale, kwenye chumba kile kile, kwa mwalimu, bila hata kufikiri. Nilimtazama yule mtu. Nikamwona amejaa mlangoni, nikamsikia mtoto akiita kwa ndani habari ya jino lake.

"Ni mimi, shemeji," nilisema. "Nimeyaandika mimi."

"Habari za yule mtoto?"

"Nilikuwa naishi kwenu. Nilikuwa najua. Nikaona yatapendeza kwenye hadithi. Nisamehe."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka nayo. Na alipogeuka, naapa, alikuwa anatabasamu. Machozi yapo, tabasamu lipo.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tu. Dada yako hana maneno kama haya. Mambo yale alishayasahau zamani."

Jicho aliinama, akajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Shemeji akajinasua kwenye kochi, akanipiga begani. "Una kipaji, shemeji. Mimi nilikuja hapa kutafuta mkono wa mwanaume, nimeishia kulia. Wanawake wengi wanaishi hivyo, unajua? Wamekaa na watu wasiowajali. Ni funzo kubwa. Usiikate hata kidogo."

"Sawa, shemeji."

"Chukua mkoba wako. Twende tukamlete dada yako."

Jicho alinisindikiza kwa macho hadi mlangoni. Nilikuwa nimepata kila kitu nilichokitaka: filamu, mwalimu, ada, nyumba ya Dada. Nilikuwa nimevipata vyote kwa sentensi moja, na mate mdomoni yalikuwa machungu kama shubiri.

Tuliwapitia watoto shuleni. Njia nzima shemeji aliongea, ile sauti yake kubwa imemrudia. Alisema duka litafungwa mapema siku hiyo. Alisema atamnunulia Dada kabati jipya. Yule mdogo alinionyesha pengo. Jino lilishang'oka, na mama yake hakuwepo.

Kwa mama, gari halijasimama sawasawa watoto walishashuka. Dada alitokea uani, mikono ina povu hadi kwenye viwiko. Walimrukia kiunoni, mmoja kila upande, nusura wamwangushe. Akawakumbatia na povu lile lile, akamfungua mdogo mdomo, akalitazama pengo, akalibusu.

Mama alishatoka na begi. Sijui alilifunga saa ngapi.

"Mama watoto," shemeji alisema, "yamekwisha. Nimeiona mwenyewe. Umeigiza hadi nimetokwa na machozi, mtu mzima mimi. Hasa yale ya mwisho, aliyokuandikia mdogo wako."

Dada akainua kichwa.

"Aliyoniandikia nani?"

"Mdogo wako. Amekiri mwenyewe, hata ameniomba radhi kwa kuchukua mambo ya nyumbani. Nimemsamehe. Panda gari twende."

Watoto walikuwa wanavuta gauni lake kuelekea garini. Dada hakusogea. Hakumtazama shemeji, hakumtazama mama aliyekuwa nyuma ya shemeji, anatikisa kichwa na kunikazia macho niendelee kunyamaza. Alinitazama mimi.

"Mdogo wangu," alisema polepole, "hebu rudia na mimi nisikie. Yale maneno ni ya nani?"

Shemeji bado alikuwa anatabasamu. Mama alikuwa amelikumbatia begi kifuani.

Nilimtazama dada yangu nikitafuta usoni mwake hata dalili ndogo ya jibu analolitaka, nikakuta kwamba silijui.